Kisima Chao, Kata Yetu

Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Dadu, naye aliitika. Wageni wengine walidhani Dadu ni binti yake aliyeolewa mbali, wakawa wanamuulizia hali. "Hajambo," shangazi alijibu bila kucheka, "ila bado anapindukapinduka, hajulikani ataangukia wapi."

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, chenye dirisha pana na meza iliyolika kingo kwa miaka ya viwiko. Hapo alishona kurasa kwa uzi uliopakwa nta, akapaka gundi mgongoni mwa kitabu, akakibana kwenye shinikizo la chuma hadi kikauke. Ukimpa kitabu kipya, hakuanza kukisoma. Alikifungua katikati, akakisogeza sikioni, akasikiliza kama kinalia mgongo.

Baba yangu ndiye mdogo wake wa pekee. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Kabla hajaoa aliteleza kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa nyumba ya rafiki yake, akavunjika mguu, akahamia kwa dada yake, amefungwa plasta hadi pajani. Kila shangazi alipotoka kazini alimsimulia hadithi ili asinung'unike. Ilikuwa hadithi ya nchi ambayo visima vyake tisa vilinyamaza: maji yamo, unayaona, lakini ndoo ikishushwa inarudi kavu. Wasafiri wakatumwa kwenda kuuliza visima vimeudhiwa na nini.

"Msafiri akafika kwenye daraja lililokatika," shangazi alisema siku moja.

"Aruke," baba akasema.

"Nani anasimulia hapa?"

"Wewe unasimulia. Lakini msafiri ni mimi. Naruka."

"Haya, umeruka. Umetumbukia."

"Nimefika, Dada."

"Umetumbukia, mwenye mguu mmoja wewe."

Walibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Mwishowe baba akaomba aletewe dadu iliyobaki kwenye mchezo wao wa utotoni. Wakakubaliana kwamba namba kubwa ikitokea amefika, ndogo ikitokea ametumbukia. Dadu ikaviringika juu ya plasta, ikasimama kwenye tano. Baba akafika ng'ambo, na shangazi, ambaye alikuwa amekwisha kuandaa mto na mamba, ikambidi atunge ng'ambo palepale.

Hivyo ndivyo mchezo wao ulivyozaliwa. Kwa asiyeujua, ni hivi: watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ni msafiri mwenye uwezo wake na udhaifu wake ulioandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza mahali palivyo, wasafiri wanasema wanafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litawezekana, dadu huamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnashinda pamoja au mnazama pamoja, na hadithi mliyoitunga hairudiwi tena.

Mguu ulipopona, mchezo haukupona. Shangazi alitunga visima, milima na wakazi wake. Baba alipanga hesabu: mwenye nguvu aongeze ngapi kwenye dadu, aliyejeruhiwa apunguze ngapi. Majirani wakaingia, kisha walimu wenzake baba, kisha marafiki wa majirani. Bosi wa karakana, Mungu amrehemu, akamruhusu shangazi kutumia karatasi zilizobaki pembeni baada ya kukata kazi za wateja, na kutokana na hizo akatoa kitabu chembamba kilichoshonwa kwa mkono. Kiliitwa *Visima Tisa*.

Ukurasa wa mbele wa kitabu hicho ndio ulioleta mambo yote yaliyofuata. Ulitokana na mtu mmoja, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliyekuja karakana akiwa bado na sare. Alisimama mlangoni kama aliyekuja kuomba msamaha. Alikuwa ametunga hadithi yake ndani ya nchi ya visima, akaiita *Kisima cha Kumi*, na wenzake wodini walitaka nakala. Alikuja kuuliza kama ni wizi.

"Kisima cha kumi kipo wapi?" shangazi alimuuliza.

"Nimekichimba mimi, Mama Dadu. Kipo nyuma ya mlima, mahali mlipoacha wazi kwenye ramani."

"Na kina maji?"

"Kina sauti. Maji bado."

Shangazi alimpa kiti. Jioni hiyo aliandika ukurasa wa mbele kwa maneno yake, nao ukaingia kwenye kila nakala: *Mchezo huu ni wako pia. Tumia kanuni zake, ongeza hadithi zako, chapisha, uza. Huna haja ya kumwomba mtu, ila nawe umruhusu atakayekuja nyuma yako. Ruhusa hii ni ya kudumu.*

Baba aliusoma mara mbili. "Dada, tunagawa nyumba tukiwa tunalala ndani."

"Kutoa ni moyo, mdogo wangu. Na nyumba ikipata wageni wengi, mwizi haingii."

Alikuwa sahihi. Muuguzi alitoa *Kisima cha Kumi*, kinyozi wa mtaa wa pili akatoa hadithi ya soko lililo chini ya ardhi, wengine wasiojulikana wakafuata. Kila hadithi mpya ilimleta mtu kununua kitabu cha kwanza. Kazi ikawazidi mikono ndugu wawili. Kampuni ya uchapaji ilipokuja kutaka kununua mchezo, waliuza, jina na maneno na picha, kwa hiari yao. Shangazi aliweka sharti moja: ukurasa wa mbele usiguswe. Waliokuwapo wakati huo walikubali, na kwa miaka mingi hawakuugusa. Baba akaezeka nyumba yetu upya. Shangazi akanunua karakana kwa warithi wa bosi wake, akaendelea kushona vitabu vya watu.

Kisha kampuni ikabadilisha wakubwa, na wakubwa wapya wakataka toleo la pili.

Nataka kumtendea haki baba yangu hapa, kwa sababu wapo waliomsema vibaya. Kampuni ilimwomba apange upya hesabu za toleo la pili, naye alikubali kwa furaha. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na kosa lililomkera: msafiri akishaongezewa nguvu hadi ngazi za juu, dadu haikuwa na maana tena, alishinda kila kitu. Wachezaji walilivumilia. Baba hakulivumilia. Niliwahi kumwona akisahihisha mitihani ya wanafunzi huku pembeni amechora majedwali ya dadu. Ndiyo nafasi aliyokuwa akiingoja, ya kurekebisha alichokiharibu yeye mwenyewe akiwa na plasta mguuni.

Toleo la pili lilipotoka alilileta Jumapili, tulipokuwa tumeketi kula sote. Lilikuwa kitabu kikubwa, cha rangi, chenye ramani inayokunjuka. Akaliweka mbele ya shangazi, akarudi nyuma kidogo kama mwanafunzi anayengoja alama.

Shangazi alinawa mikono kwanza. Akalifungua katikati, akalisogeza sikioni.

"Gundi tupu," alisema. "Halikushonwa."

"Wifi, soma basi," mama alimwambia. "Mume wangu atazimia."

Akasoma. Chakula kikapoa. Alifuata majedwali kwa kidole, akarudi nyuma, akachukua dadu mfukoni, akaijaribu kwenye meza kati ya sahani. Hatimaye akasema, "Namba zako zimenyooka, Mwalimu. Hili ulikuwa unalidai siku nyingi, na umelipata."

Baba alitabasamu mpaka nikaona haya kumtazama. Shangazi akarudi mwanzo wa kitabu. Akageuza ukurasa wa mbele, akageuza uliofuata, akaurudisha.

"Ukurasa wangu uko wapi?"

Badala yake kulikuwa na leseni mpya, maandishi madogo ya kurasa kadhaa. Yeyote anayetaka kutoa hadithi ya *Visima Tisa* ajiandikishe kwanza kwa kampuni, aipe kampuni fungu la mauzo, na kampuni iwe na haki ya kuitumia hadithi yake ipendavyo. Chini kabisa ilisemwa kwamba ruhusa iliyokuwa kwenye toleo la kwanza imesitishwa.

Baba aliisoma akiwa amesimama. "Mimi nilipewa namba tu, Dada. Kurasa hizi sikuonyeshwa."

"Najua," shangazi alisema. Akafunga kitabu taratibu, akamsogezea. Hakumaliza chakula.

Wanasheria wa kampuni walieleza baadaye kwamba neno "kudumu" maana yake ni kutokuwa na tarehe ya mwisho, si kwamba haliwezi kuondolewa. Mama aliposikia hayo alisema, "Basi ndoa yangu nayo ni ya kudumu. Nitamuuliza huyo wakili kama naweza kuisitisha Ijumaa." Tulicheka, lakini muuguzi hakucheka. Alipata barua ya kumtaka aikabidhi *Kisima cha Kumi* ama aache kuiuza. Alikuja karakana, safari hii hakusimama mlangoni.

"Kisima nilikichimba mwenyewe, Mama Dadu. Zamu ya usiku, kati ya mzazi mmoja na mwingine. Leo nimkabidhi nani?"

Kulikuwa na wakili ambaye shangazi alimjalidia vitabu vyake vya sheria. Alimweleza wazi: kampuni inaweza kushindwa kesi, lakini itachukua miaka, na wenye nguvu ya kungoja ni wao. Kisha akaongeza jambo ambalo shangazi alilishika. Jina ni la kampuni. Maneno ya kitabu na picha zake ni vya kampuni. Ila namna ya kucheza, kuketi mezani na kurusha dadu na kujumlisha, haina mwenyewe.

Kabla hajaamua la kufanya, kampuni yenyewe ikamjia. Mkurugenzi alifika karakana bila msafara, mwanamke mwenye umri kama wangu, mpole, aliyevua viatu alipoona vipande vya karatasi safi sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vaa, hapa kuna sindano."

Alizungumza kwa heshima. Alisema anajua mchezo umetoka mikononi mwa nani, na kampuni haitaki ugomvi naye. Alileta karatasi ya kumpa shangazi leseni yake binafsi: atunge atakacho, auze atakavyo, maisha yake yote, bure.

Shangazi aliisoma yote. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nikikunja kurasa kumsaidia, na nilidhani atatia sahihi. Angeweza. Alikuwa mtu mzima, macho yameanza kuchoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Umenifungulia mlango wa kuingia kwangu," alisema. "Nashukuru. Na muuguzi?"

"Muuguzi atajiandikisha kama wengine."

"Na kinyozi?"

"Mama, hatuwezi kumpa kila mtu."

"Mimi nilimpa kila mtu. Haikunigharimu kitu, mwanangu, ila ilinipa jina hili ninaloitwa." Akamrudishia karatasi, si kwa hasira, kama anavyomrudishia mteja kazi isiyowezekana. "Peke yangu siingii."

Mkurugenzi aliikunja karatasi, kisha akauliza kama anaweza kununua daftari lenye jalada la kitambaa. Akanunua. Shangazi alimfungia vizuri.

Wiki hiyo hiyo aliwaita. Muuguzi, kinyozi, na wengine waliokuwa wameandika hadithi kwa ruhusa ya ukurasa ule. Wengine hatukuwahi kuwaona, tuliwajua kwa vitabu vyao tu. Walikaa kuizunguka meza ya kujalidi, waliokosa viti wakakalia marundo ya kadibodi. Shangazi aliwaambia mchezo utaandikwa upya tangu neno la kwanza. Hakuna sentensi itakayotoka kwenye kitabu cha kampuni, hata zile alizoziandika yeye.

"Hata visima tuviache?" kinyozi aliuliza.

"Visima tumeviuza. Kisima ni chao." Alichukua kata ya kibuyu aliyotumia kuchotea maji ya kuchanganyia gundi, akaiweka katikati ya meza. "Kata ni yetu."

Ndipo mchezo mpya ukapata jina: *Kata*.

Ilichukua karibu mwaka. Wakati huo nyumba yetu iligawanyika kama siku ya mpira. Baba alizunguka kufundisha watu toleo la pili, na watu walilipenda kwa sababu lilikuwa zuri. Shangazi aliandika *Kata*. Jumapili walikula pamoja kama kawaida, wakazungumza habari za mvua na magoti. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kazi inaendeleaje. Mama alipakua huku akiwatazama, akasema siku moja, "Nimelisha matoleo mawili, na hakuna hata moja linaloosha vyombo." Wote wawili walicheka, kisha wakarudi kwenye habari za mvua.

Ugumu wa shangazi ulikuwa hesabu. Hadithi alikuwa nazo tele, lakini kupima nguvu na dadu ilikuwa kazi ya baba siku zote. Kinyozi na muuguzi walijaribu. Walicheza, wakakosea, wakafuta, wakacheza. Waliishia kwenye kanuni nyepesi kuliko za zamani: msafiri habebi namba nyingi, anahesabu tu kata za maji alizobakiwa nazo, na kila jambo gumu linamgharimu. Haikuwa hesabu ya mwalimu. Lakini mchezaji mpya aliielewa kabla chai haijapoa.

Siku ya kutoa *Kata*, hakukuwa na ukumbi. Shangazi alimpa kila mmoja wa wale waandishi sindano na uzi wa nta, akawafundisha kushona. Nakala za kwanza zilishonwa na walioziandika. Muuguzi alishona haraka na kwa usawa, kinyozi alijidunga akalaumu taa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na maneno mapya, na safari hii shangazi hakuacha nafasi ya ubishi: *Ruhusa hii ni ya kudumu, haiondolewi na yeyote, hata na sisi tulioitoa.* Nilimwona akiishika nakala ya kwanza iliyokauka. Aliifungua katikati, akaisikiliza, akanipa mimi nisikilize. Haikulia. Nimewahi kusimama mbele ya watu kupokea cheti, lakini sijawahi kujisikia mrefu kama nilivyojisikia pale, kwa kuwa tu mtoto wa mdogo wa mtu huyu.

Maduka yakawa na vitabu viwili rafu moja. Wachezaji wakagawanyika, wakabishana, wengine wakavinunua vyote viwili. Lakini waandishi walihamia *Kata* karibu wote, na mchezo usio na hadithi mpya hukauka. Kampuni ililiona hilo. Siku moja mkurugenzi alirudi karakana, akasalimia, akasema wamefuta leseni yao, na chapa itakayofuata ya toleo la pili itabeba ruhusa ileile ya shangazi, pamoja na maneno ya kwamba haiondolewi.

"Umefanya vizuri," shangazi alimwambia.

"Si mimi peke yangu, mama. Mwalimu alikuja ofisini kwangu tangu wiki ile kitabu kilipotoka, na hakuacha kuja. Alisema ama ukurasa wa dada yake urudi, ama jina lake litoke kwenye jalada. Tukachapa mara mbili bila jina lake."

Shangazi hakujua. Hakuna aliyejua, hata mama. Aliacha kazi aliyoshika, akafuta gundi mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa utaiacha *Kata*?" mkurugenzi aliuliza.

"Mtoto akishazaliwa harudi tumboni, mwanangu. Yatakaa yote mawili. Atakayependa kuhesabu, ana la Mwalimu. Mwenye haraka, ana letu."

Baba alikuja karakana kesho yake, akiwa na karatasi zake za majedwali mkononi. Nilikuwa nikipanga kadibodi, nikasita kutoka. Alisema ameicheza *Kata*. Alicheza na walimu wenzake kwa siri, kama mtu anayevuta sigara. Kuna mahali panapovuja, msafiri akibakiwa na kata moja mchezo unamwonea, na yeye anajua pa kuziba.

"Nakuomba ruhusa niweke namba zangu humo, Dada."

"Huna haja ya kuniomba. Soma ukurasa wa mbele."

"Nimeusoma. Nimekuja kukuomba hata hivyo."

Shangazi alimtazama, kisha akasogeza rundo la karatasi kwenye benchi ili apate pa kukaa. "Onyesha hapo panapovuja," alisema. Walianza kubishana kabla hajakaa vizuri, na mwenye duka la mbele akaja kuuliza kama kuna usalama.

Hayo yamepita miaka kadhaa. Shangazi sasa anashona vitabu vichache, vile anavyovipenda tu. Juzi aliingia kijana asiyemjua, akaweka mezani rundo la kurasa zilizochapwa, akaomba zijalidiwe nakala chache. Ulikuwa mchezo. Wasafiri wake walikuwa mafundi wa mitambo waliokwama kwenye meli inayoelea kati ya nyota, na walichohesabu si kata za maji bali pumzi za hewa. Shangazi alifungua mwanzo, akakuta maneno yake ya ruhusa, neno kwa neno, na chini yake jina la *Kata* na shukrani kwa watu ambao mwenye kitabu alidhani hawamo tena duniani. Hakumwambia kijana yeye ni nani. Alimwuliza tu anataka uzi au gundi.

"Kipi ni bora, bibi?"

"Uzi."

Kijana alipoondoka, shangazi alinipigia simu, akasema nije upesi na baba yangu aje. Tulipofika alikuwa ameshakisoma chote. Alilalamika kwamba hakina kisima hata kimoja na mazungumzo yake ni makavu. Kisha akatuketisha, akachukua dadu, akasema yeye ndiye msimulizi, na hewa ndani ya meli imeanza kupungua, je, tunafanya nini?